Harusi ya Mitende ya Baba

Asubuhi zangu zina kelele. Mimi ni dereva wa basi la skuli hapa Ibra, na kabla jua halijapanda nimeshabeba watoto wa mitaa kadhaa, nimeshaamua ugomvi wa nani akae dirishani, na nimeshamrudisha mmoja kwao kuchukua mkoba aliousahau. Watu husema dereva wa basi la skuli ana raha, kazi yake asubuhi na adhuhuri tu. Wasemao hivyo hawajapata kuendesha gari huku nyuma ya shingo zao basi zima linaimba, kila mtoto na wimbo wake. Lakini kazi yangu naipenda, na ndiyo iliyosomesha wanangu na kumlisha mama yangu.

Zamani nilikuwa dereva wa serikali Maskati. Mama alipozidi uzee nilirudi Ibra na mke wangu, nikanunua basi, tukahamia nyumba ya marehemu baba. Nyumba yenyewe ni ndogo, lakini imepakana na shamba la mitende, na maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, hupita katikati yake kwa zamu. Mama alizaliwa Unguja, kwenye shamba la minazi. Walipotolewa kwao aliletwa huku akiwa mke kijana, mimi nimo mgongoni, na mpaka leo Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani. Kiarabu anakisema, ila akighadhibika hukiweka kando.

Shamba lile halikuwa letu peke yetu. Babu aliwaachia wanawe wawili, baba na ami yangu, nao wakafa bila ya kuligawa. Baba alipofariki, mitende ilibaki kwa kibarua mmoja wa Kibangali aliyeijua kuliko sisi sote. Kibarua aliporudi kwao, mitende ikabaki yatima. Nilipohamia nilikuta makuti makavu yamening'inia mpaka chini, magugu yamefika kiunoni, na tende ni vijitu vidogo vikavu visivyo na kokwa, hata mbuzi anavitema.

Mtoto wa ami yangu anakaa Nizwa. Ni mtu wa biashara, si mbaya, ila ana ulimi. Siku moja alikuja, akaketi ukumbini, akanywa kahawa, kisha akasema kwa Kiarabu, taratibu, kwamba ardhi ile imekufa na yeye anataka kuing'oa mitende ajenge nyumba za mapumziko za kukodisha. Mama atatafutiwa fleti nzuri Maskati, yenye lifti.

Mama akamwuliza, "Lifti ya kunipeleka wapi?"

"Khala, hapa hakuna kitu. Mitende haizai."

Nikasema mitende itazaa, mimi nitaihudumia. Akacheka. Akanipiga bega akasema, "Ya akhi, nyinyi watu wa Zinjibari mnajua nazi. Tende mnazijulia kwenye sahani."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Lakini nusu ya shamba ni haki yake, na mimi ni dereva, sina wakili. Basi tukakubaliana mbele ya mama: nimepewa msimu mmoja. Ikifika kaidhi, lile joto la kuvuna tende, kama mitende imezaa, shamba litabaki mikononi mwangu. Kama haikuzaa, tingatinga litaingia na mama atahama. Alipoondoka, mama aliuosha ule mdele wa kahawa kwa nguvu kama anayeugomba.

Kesho yake tukaanza kazi. Nilikuwa nikishusha watoto adhuhuri, nakula, naswali, naingia shambani na panga. Mke wangu alikusanya makuti, mama aliwekewa kiti kwenye ukingo wa falaji akawa msimamizi. Na msimamizi alikuwa mkali! Babake alikuwa na minazi, yeye alikua akitazama wakwezi na wapalizi, basi kila alilolijua la mnazi alilihamishia kwenye mtende. Safisha kilele. Toa makuti makavu. Palilia shina. Yote hayo yalikuwa sawa.

Kisha akaunyooshea fimbo mtende mmoja uliosimama pembeni, mnene, umejaa makuti mabichi, mzuri kuliko yote.

"Ule pale umepata kuzaa?"

Mke wangu akasema tangu tuhamie hajauona na tende hata moja, hata vile vijitu vikavu.

"Basi utazameni unavyonenepa! Unakunywa maji ya wenziwe na hautoi kitu. Kwetu mti kama huu baba hauachi mpaka Ijumaa. Ukate, mwanangu."

Nikaukata. Nilikodi msumeno wa mashine, nikautia chini alasiri moja, ukaanguka kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Tulifurahi sana. Mama alisema sasa wenziwe watapumua, na jioni ile alitupikia mkate wa kumimina.

Jirani yetu, mzee wa Kiarabu wa hapa hapa, wakati ule hakuwepo. Alikuwa kwa mwanawe Maskati akitibiwa macho. Aliporudi, baridi inaanza kuisha, alikuja kutuamkia na fimbo yake. Akasifu usafi. Akasifu mitaro. Kisha akaliona lile gogo.

"La hawla wala quwwata illa billah," akasema. "Ya waladi, huyu nani kamkata?"

"Mimi, mzee. Alikuwa hazai."

Yule mzee alinitazama, akamtazama mama, akaketi kwenye ukingo wa falaji akacheka mpaka akavua kilemba kujifuta machozi. "Hazai! Atazaaje? Umemchinja bwana harusi!"

Ndipo akatufundisha jambo ambalo kila mtoto wa Ibra analijua, ila sisi tuliomwachia baba na kibarua wake mitende yote. Mnazi hujitosheleza wenyewe, lakini mtende si hivyo: kuna jike na kuna dume. Jike ndiye azaaye, na dume hatoi kitu ila maua yenye unga. Makarara ya majike, yale maganda yanayofunika maua, yakipasuka, lazima mtu apande na nyuzi za maua ya dume, azipachike katikati ya maua ya jike, azifunge. Akikosa dume, jike hutoa vile vijitu vikavu tulivyovikuta. Shamba letu zima lilikuwa na dume mmoja, naye sasa alikuwa magogo yaliyopangwa ukutani.

Mama akasema kwa Kiswahili, hakujali kwamba mzee haelewi, "Miaka yote hii nala tende, hakuna hata mmoja aliyeniambia tende zina baba!"

Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa na mchanga ndani yake. Makarara ya majike yalikuwa yameshavimba, mawili matatu yamepasuka, na jike likishafunguka halingojei. Siku chache tu na mlango umefungwa mpaka mwakani. Sisi mwakani hatukuwa nayo.

Jirani alinipa alichokuwa nacho, konzi ya maua yaliyombakia, akanionyesha namna ya kuyapachika. Yalitosha mitende miwili. Nikaenda sokoni Ibra, nikaambiwa maua ya dume yamekwisha, mwaka huu joto limewahi. Nikapiga simu kwa jamaa, nikauliza msikitini, nikauliza hata wazazi wa watoto wangu wa basi. Kila mmoja alinihurumia, na huruma haipachikwi kwenye mtende.

Habari za Ibra hazihitaji gari. Jioni ile ile simu ikalia, mtoto wa ami kutoka Nizwa, anacheka tangu kabla ya salamu. "Nimesikia umemkata fahali. Niwaambie wenye tingatinga waje mapema?" Nilimkatia simu. Mke wangu akasema nimefanya utovu wa adabu. Nikasema ndiyo, na nikipigiwa tena nitakata tena.

Mzee jirani ndiye aliyenipa shauri. Alisema upande wa Nizwa kuna ubaridi wa mlimani, madume ya kule huchelewa, na huenda sokoni nikapata. Jumamosi skuli zimefungwa. Alfajiri nikawasha basi, na nilipogeuka nikamkuta mama ameshakaa kiti cha mbele, buibui limenyooka, kanga begani, kijaluba cha dawa mkononi.

"Mama, safari ndefu."

"Mti nani kasema ukatwe?"

"Wewe, mama."

"Basi endesha."

Njiani, pale Mudhaibi, tulisimama kuuliza kwa wauza mboga wa barabarani, hamna. Nizwa tulifika soko limechangamka, mbuzi wanalia, watu wananadi. Nikakuta mzee mmoja ana kitita kimoja cha maua ya dume, cha mwisho, na mtu mbele yangu anakilipia. Nikamwomba aniuzie nusu. Akaniambia ana mitende mingi kuliko yangu. Nilirudi ndani ya basi nikafunga mlango kwa kishindo. Nilikuwa tayari kulia, na nasema kweli, nilikuwa namwona mama kwenye lifti.

Na mkosi hauji peke yake. Tulipotoka mjini mkanda wa injini ukaanza kupiga mayowe, ikabidi niingie Firq kwenye magereji. Nikasimama kwenye gereji ya kwanza iliyo wazi. Mwenye gereji, mtu mzima wa umri kama wangu, aliinama kwenye injini, spana ikamponyoka ikamwangukia mguuni.

"Mungu wangu weee!" akapiga kelele kwa Kiswahili.

Mama alishusha kioo. "We baba, umezaliwa wapi wewe?"

Yule bwana akanyanyuka, uso umefunguka kama mlango. "Bujumbura, mama. Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu!" Na mama akawa kama amekutana na ndugu wa tumbo moja. Kiti kikaletwa, chai ya maziwa ikaletwa, nasaba zikaulizwa. Walipofika kwenye habari ya nini kimetuleta Nizwa, mama akamweleza kisa chote, hata la kumkata dume hakulificha, na yule bwana akacheka akapiga paja.

"Mama, pole sana. Lakini mimi problem yangu ni kinyume chake. Tazama huo mti hapo nyuma. Umejiotea wenyewe. Hauzai, na kila mwaka saa kama hizi unamwaga unga mweupe juu ya gari za kastoma. Naosha mpaka nachoka. Nishapiga simu wiki ijayo waje kuukata."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimesimama nyuma ya gereji, baina ya milango ya magari mabovu, natazama juu. Ulikuwa mtende mrefu, shina limekonda, na kileleni makarara yamepasuka yakatoa mashada meupe manene, harufu ya unga mbichi inateremka mpaka chini. Dume! Dume zima, halina anayelitaka, na karibu lingekuwa kuni. Nilimkumbatia mtu wa Bujumbura na grisi zake zote.

"Chukua yote, brother," akasema. "Lakini nani atapanda?"

Vijana wake wote walitazama chini. Ngazi yake ilifika nusu tu. Mimi nina umri wa kuitwa babu, tumbo langu limekaa kwenye usukani miaka mingi, na mtende sikupata kuupanda ila kwa ile ngazi yangu ya shambani, ambako mitende ni mifupi. Nikamtazama mama. Macho yake hayakuwa yakiniomba kitu. Yalikuwa yakipima ule mti, chini mpaka juu, kama yalivyokuwa yakipima minazi ya babake.

"Vua viatu," akasema.

Mwenye gereji akaleta mkanda mpana wa kufungia mizigo ya malori, tukauzungusha kwenye shina na kiunoni mwangu, tukaukaza. Nikajifunga kanzu, nikasema bismillahi, nikaanza. Pale mwanzo nililishika shina kwa mikono na magoti, siendi juu wala chini.

"Usilikumbatie, si mke wako!" mama akapaza sauti. "Egemea nyuma! Mwili uache kwenye mkanda, miguu ndiyo ipande! Wakwezi wa baba hawakupanda kwa mikono!"

Niliogopa kuegemea. Lakini nilimtii, kwa sababu ya mazoea ya kumtii, na mara mkanda ukanibeba. Nikautupa mkanda juu kidogo, nikapandisha mguu kwenye kovu la kuti. Nikautupa tena. Nilihisi jasho, na nilisikia chini vijana wa gereji wameanza kunihesabia kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kihindi. Sauti ya mama ilikuwa juu ya zote: "Usitazame chini! Huku chini hakuna kitu, tupo sisi tu!"

Kileleni miiba ilinichana mkono. Sikujali. Nilikata karara la kwanza, nikalifunga kwa kamba nikaliteremsha taratibu, maana mama alisema likidondoka unga utamwagika wote. Kisha la pili, la tatu, mpaka mama akaniambia yatatosha, nishuke. Nilipofika chini nikaketi juu ya tairi. Ndevu zangu zilikuwa nyeupe kwa unga. Mama alinifuta uso kwa ncha ya kanga mbele za watu wote, na mimi nikamwacha anifute.

"Mkwezi," akasema.

Mkanda wa injini ulitengenezwa, na mtu wa Bujumbura akakataa malipo akasema ataletewa tende. Njia nzima mama aliyapakata yale maua ndani ya kanga, kitambaa wazi yapate hewa, akinigombeza kila nikipita kwenye tuta. Jua bado lipo tukafika Ibra. Mzee jirani alikuwa anatungojea, akanusa, akachekea fimbo yake. "Haya yamo hai," akasema.

Niliwaweka watatu pamoja: mzee ananielekeza kwa Kiarabu, mama anaelekeza kwa Kiswahili, mke wangu anashika ngazi na kuwaambia wote wawili wanyamaze. Napanda, nafungua maua ya jike, napachika nyuzi za dume, nafunga kwa kipande cha kuti, nashuka. Tuliendelea mpaka adhana ya magharibi, na siku zilizofuata kila nikimaliza kushusha watoto niliingia shambani, mpaka jike la mwisho lilipofunguka likakuta dume linalingoja.

Kisha ikawa kungoja. Kungoja ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa naendesha basi huku watoto wakinipigia kelele, "Ammi, taa ni kijani!" Lakini haukupita mwezi nikaona vichanga vya kijani vimeshika kwenye nyuzi, vidogo kama shanga. Vikakua. Mashada yakawa mazito mpaka mzee akanifundisha kuyafunga kwenye makuti yasivunjike. Skuli zikafungwa, joto la kaidhi likapanda, tende zikawa za njano, na asubuhi moja tende moja ya shadani ikalainika upande mmoja, ikawa kahawia, imejaa asali. Rutabu.

Sikuila. Nilimpelekea mama kwenye kiganja. Aliinusa, akaila polepole, akabaki na kokwa mdomoni.

"Ina kokwa," akasema, na machozi yakamtoka. Na mimi pia. Sioni sababu ya kuficha.

Mtoto wa ami alikuja wiki ile, kama tulivyoagana, na lori lililobeba tingatinga likasimama nje ya ukuta. Nadhani kweli alidhani hakuna kitu. Aliingia kwa mlango wa shamba, akasimama. Njano ilikuwa kila upande, mashada yamelala juu ya makuti, mke wangu na wana wa jirani wanajaza vikapu. Mama akamkaribisha mkekani, akamwekea sahani, akamwita na dereva wa tingatinga naye aje ale, asikae juani.

Mtoto wa ami akala moja. Akala nyingine. Alipofika ya tatu akafumba macho. "Wallahi hii ndiyo tende ya babu," akasema. "Nilikuwa mdogo mara ya mwisho kuila." Akala tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani aliyepanda?"

"Mtu wa Zinjibari," nikamjibu.

Akacheka, safari hii kicheko cha mtu aliyeshindwa na hana kinyongo. Akamwambia dereva amalize kula kisha arudishe tingatinga kwao. Akanishika mkono mbele ya mama akasema shamba liko kwangu, yeye na wanawe watakuja kula tu. Kisha akakohoa kidogo. "Lakini, ya akhi, mimi nina mitende nyumbani Nizwa, kibarua wangu ameondoka. Mwakani uje unitilie dume."

"Nitatazama kama nina nafasi," nikasema. Lo, raha niliyoipata! Hata leo naweza kuionja.

Lori liliondoka likiunguruma. Mama akaniambia nimnyanyue. Nilimshika mkono, akatembea bila ya fimbo mpaka kwenye mtende wa karibu, akaweka kiganja kwenye shina, akakaza kama mtu anayejaribu ukuta.

"Nyumba niliyozaliwa nilitolewa," akasema. "Hapa hanitoi mtu."